UZI: Haidroksiklorokwini (HCQ) kwa wenye lupasi, inafanya nini mwilini na kwa nini usiiache ukijiona umepona

BintiMuheza

Wakuu habari za humu ndani. Huu uzi nimeuahidi siku nyingi mno. Kila nikifungua PM nakuta mtu kaniuliza lilelile, kaenda kliniki na maumivu ya viungo na vipele mashavuni, vipimo vimesema lupasi, dokta kamuandikia haidroksiklorokwini, kafika nyumbani kasoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi kakuta neno malaria, basi kachanganyikiwa, anauliza anywe au asinywe. Leo watoto wamelala, nimetulia, naandika chote.

Mimi sio daktari. Ni mgonjwa, mwaka wa tisa huu, na hii dawa nimeijua kwa kuinywa, kwa kuisoma na kwa kuwauliza madokta kila nikikaa mbele yao.

Naanza na kosa langu maana ndo lililonifundisha. Mwaka wa kwanza nilikunywa HCQ miezi mitano, vidole vikalegea, uchovu ukaisha, uso ukarudi. Nikasema alhamdulillah nimepona, nikaacha bila kumwambia mtu. Wiki ya kwanza safi, ya pili safi, mwezi mzima safi, nikazidi kuamini kwamba nilikuwa nakunywa vidonge bure. Mwezi wa tatu, asubuhi moja nimekuna nazi vizuri tu, nikaja kuchuja tui, kiganja kikagoma kufumba. Nazi iko mkononi, nataka kuikamua, vidole havikunji. Nikaita mdogo wangu anisaidie nikijua ni baridi ya asubuhi. Wiki mbili baadae miguu imejaa maji na mkojo una protini, lupasi imeshafika kwenye figo. Mwaka mzima niliukata kwa prednisoloni na dawa nyingine nzito.

Kwa nini nilikaa mwezi na zaidi salama kabla ya kuanguka? Jibu lake ndo namna hii dawa inavyofanya kazi, na hakuna aliyenieleza siku ile napewa.

Sasa sikilizeni. Kwenye lupasi kinga ya mwili haijashuka, hapo ndo wengi wanapotea njia, wanaenda kununua dawa za kuongeza kinga. Kinga ipo, ina nguvu, ila imekosea adui. Seli zetu zinakufa kila siku na mabaki yake yanazolewa kimyakimya. Kwa mwenye lupasi mabaki hayazolewi vizuri, hasa vile vya katikati ya seli, DNA na RNA, vinabaki vinaelea. Mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya DNA yake wenyewe, zinagandana na yale mabaki zinakuwa kama vifurushi, na vifurushi hivyo vinamezwa na seli za ulinzi.

Ndani ya seli ya ulinzi kuna vifuko vidogo vyenye asidi, kama tumbo, ndo humo kilichomezwa kinasagwa. Kwenye kuta za vifuko hivyo wamekaa walinzi, vipokezi vinavyoitwa TLR7 na TLR9. Kazi yao halali ni kunasa virusi na bakteria: TLR7 anaisoma RNA, TLR9 anaisoma DNA. Sasa kinapoingia kile kifurushi chenye DNA yako mwenyewe, yule mlinzi hajui ni ya nani, anaona DNA mahali isipotakiwa kuwepo, anapiga king'ora. Seli inamwaga intaferoni, ile ile ambayo mwili unaitoa ukiwa na mafua makali, ndo maana mwenye lupasi anajisikia kama ana homa isiyoisha, mwili mzito, viungo vinauma. Intaferoni inaziamsha seli nyingine, zinatengeneza kingamwili zaidi, vifurushi vinaongezeka, vinamezwa tena, king'ora tena. Mduara hauna mwisho.

HCQ inaingia hapo hapo, kwenye kifuko.

Wa pwani mnaijua dema. Samaki anaingia kwa mlango mpana kiurahisi, akishakuwa ndani hatoki. HCQ ni besi dhaifu, ikiwa kwenye damu sehemu yake inapita kwenye ngozi ya seli bila shida, inapita tena mpaka ndani ya kile kifuko, ila ikikutana na asidi ya mle inabeba chaji, na ikishabeba chaji ule ukuta haupitiki tena. Imenasa. Inaingia nyingine inanasa, na nyingine, mpaka kiasi kilichomo kwenye vifuko kinazidi kile cha kwenye damu mara nyingi sana. Asidi inapungua makali, na wale TLR7 na TLR9 wanaitegemea hiyo asidi ili wakatwe na kukaa sawasawa, bila hiyo hawafanyi kazi vizuri. Tena dawa yenyewe inashikana na ile DNA na RNA, mlinzi anakosa pa kushika. King'ora kinapungua sauti, intaferoni inashuka.

Kujaza dema zote za mwili kunachukua muda. HCQ mwilini inapungua nusu kwa siku kama 40 hivi, na dawa inayotoka polepole hivyo inajaa polepole pia. Ndo maana wiki mbili za kwanza hauoni kitu, wengi wanaona tofauti kati ya wiki ya 6 na ya 12, na wengine mpaka miezi sita. Na mimi nilipoacha, ule mwezi mzima niliojisifu nimepona nilikuwa bado naishi kwa dawa iliyonasa. Ilikuwa inavuja taratibu, na ilipobaki kidogo ndo mkono ukakataa nazi.

Nitaendelea, niulizeni.

MzeeKahawa

Binti umeeleza nimeelewa, na mimi shule yangu ya zamani. Lakini hilo la malaria hujalijibu. Klorokwini sisi tumekunywa miaka yote, ilikuwa inatuwasha mwili mzima mpaka mtu analala kwenye sakafu ya saruji. Dawa ya mbu imefikaje kwenye viungo?

BintiMuheza

Shikamoo mzee wangu. Swali zuri na mimi linanigusa maana kwetu ni Muheza, na pale juu Amani kwenye milima ya Usambara Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902 na wakapanda mikinkona, ile miti ambayo magome yake ndo yanatoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowazibia njia ya bahari wakawa wanatengeneza kwinini kwa magome yale yale. Wazee wetu wakisema kitu kichungu wanasema kichungu kama kwinini, wanajua wanachosema.

Sasa kwinini ndo ilianza. Mwaka 1894 daktari mmoja wa London, Payne, alikuwa anaitumia kwa wagonjwa wenye lupasi ya ngozi. Baadae klorokwini ikatengenezwa maabara Ujerumani mwaka 1934, haitoki kwenye mti ila ni ya ukoo ule. Vita vya Pili askari wengi walipelekwa kwenye nchi za malaria wakapewa mepakrini kila siku, iliyowafanya ngozi kuwa ya njano, na waliokuwa na vipele na maumivu ya viungo wakaona wanapata nafuu ambayo hawakuitarajia. Mwaka 1951 Page akaandika kwenye jarida la Lancet la Uingereza kuhusu mepakrini kwa wagonjwa wa lupasi. HCQ ni klorokwini iliyoongezwa kipande kidogo chenye oksijeni, ikawa haina ukali sana mwilini, Marekani wakaikubali mwaka 1955. Wengi mnaijua kwa jina la Plaquenil.

Na mzee, kwa mdudu wa malaria inafanya kitu cha jamaa na hiki. Yule mdudu naye ana kifuko chenye asidi anachosagia hemoglobini ya damu yetu, dawa inanasa humo na kumzuia asisafishe sumu inayobaki, anakufa kwa uchafu wake. Mlango ni mmoja, kifuko chenye asidi. Mdudu akaja akapata njia ya kuitoa dawa nje ya kifuko, Kenya wakaiacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 1998 na sisi Tanzania mwaka 2001. Ila seli zetu sisi hazijajifunza hiyo njia ya kuitoa, kwa hiyo kwa lupasi bado inafanya kazi.

Kuwashwa ni kweli, na HCQ inaweza kuwasha pia kwa wengine ingawa mara nyingi sio kama ile ya zamani. Mimi iliniwasha wiki mbili kwenye viganja na nyayo ikaisha. Ikikuzidi mwambie dokta, usijikatie mwenyewe.

Kisauni_boy

Salamu kutoka Mombasa. Dadangu niko na swali, mamangu ana lupus, daktari alimpa prednisolone pamoja na hii. Ile prednisolone ilimtoa kitandani kwa siku mbili, hii nyingine mwezi wa pili haioni faida. Ameniambia atabaki na ile moja inayofanya kazi, pesa zenyewe ni za kutafuta. Nimwambie nini?

BintiMuheza

Kaka mpe pole sana mama, na usimwache afanye hivyo kabla hajarudi kliniki.

Prednisoloni inafanya kazi tofauti kabisa. Inaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuzima mitambo mingi kwa mpigo, yenye makosa na isiyo na makosa, ndo maana unaiona ndani ya siku moja mbili. Sitaikosea heshima, mimi bila prednisoloni figo zangu zingekwenda. Lakini ukikaa nayo miaka kwa dozi kubwa inakudai: mifupa inapungua, sukari inapanda, presha, uso unajaa, mtoto wa jicho, na maambukizi yanakupata kirahisi kwa sababu imezima na walinzi wema.

HCQ haifanyi hivyo, haiui seli za kinga wala haizuii zisizaliane. Ndo maana wataalamu wanaiita dawa ya kurekebisha kinga, na mtu anayekunywa HCQ peke yake haonekani kuzidi kupata maambukizi kwa sababu yake. Kazi mojawapo kubwa ya HCQ kwa mama ni kumuwezesha dokta kuishusha prednisoloni taratibu mpaka dozi ndogo kabisa. Akiiacha HCQ leo anajifunga kwenye ile nyingine. Na prednisoloni nayo asije akaikata ghafla hata siku moja, tezi zake zimeshazoea kuletewa, zinakuwa hazitengenezi vya kutosha, mtu anaweza kuzimia.

Kuna jaribio la Kanada lililochapishwa 1991, nalitaja sana kwa sababu ndo habari yangu mimi. Wagonjwa 47 waliokuwa wametulia kwenye HCQ, 25 wakaendelea, 22 wakabadilishiwa vidonge visivyo na dawa bila kujua. Ndani ya wiki 24, walioendelea ugonjwa uliwarudi 9, walioachishwa uliwarudi 16. Mwambie mama mwezi wa pili ni mapema bado.

famasia_wa_zamu

Nipo kwenye fani, nimeusoma uzi wote, uko sawa. Naongeza machache. Kunywa na chakula, tumbo litakushukuru. Kama unatumia dawa za kiungulia zile za maji meupe au za kutafuna, tenganisha na HCQ kwa saa nne maana zinazuia isifyonzwe. Mwenye kisukari awe macho, HCQ inaweza kushusha sukari. Na hili naliomba kwa wote, wekeni mbali na watoto, juu kabisa na pa kufungwa. Vidonge vichache tu vya hii dawa vinaweza kumuua mtoto mdogo, moyo unavurugika haraka sana. Isikae kwenye pochi wala juu ya friji.

MamaWatatu

Asante dada kwa uzi. Mi nina mambo mawili, la kwanza nimeambiwa hii dawa inapofua macho, shangazi yangu kanikataza kabisa, la pili nina ujauzito wa wiki kumi na mbili na mama mkwe kasema niache mpaka nijifungue, naogopa kote kote silali

BintiMuheza

Hongera mpenzi, na nakuomba usiiache. HCQ ni moja ya dawa chache za lupasi ambazo madaktari wanashauri mjamzito aendelee nazo, na mama akiiacha ugonjwa ukaamka hapo ndo hatari ya mtoto na yake yeye inapokuja, presha, figo, kujifungua kabla ya wakati. Tena waulize kama umepimwa zile kingamwili zinazoitwa anti-Ro. Mwenye nazo, moyo wa mtoto unaweza kupigwa na zile kingamwili akiwa bado tumboni, na HCQ inapunguza uwezekano huo. Mama mkwe mwambie kwa adabu zake zote kwamba dawa hii inamlinda mjukuu, na ikiwezekana nenda nae kliniki akasikie mwenyewe, wa kwangu alipomsikia dokta ndo akawa wa kwanza kunikumbusha kila usiku.

La macho shangazi hajadanganya ila kaliweka vibaya. Dawa ikikaa miaka mingi inaweza kuharibu retina, ile pazia ya nyuma ya jicho, na ikiharibu hairudi. Lakini haiji kwa ghafla na haiji kwa kila mtu. Kwa dozi isiyozidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, kwenye miaka mitano ya kwanza ni chini ya mtu mmoja katika mia, miaka kumi chini ya wawili katika mia, ukifika miaka 20 ndo inapanda kuelekea mmoja kati ya watano. Mwenye figo dhaifu anakuwa kwenye hatari zaidi kwa sababu dawa inatoka kwa figo, na anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, pia.

Kinga yake ni kupima. Mwaka wa kwanza unapimwa macho ijulikane yako vipi kabla, halafu kuanzia mwaka wa tano kila mwaka, na mwenye hatari zaidi anaanza mapema. Msikubali kile kipimo cha kusoma herufi ukutani peke yake, unaweza kuzisoma zote vizuri na retina imeshaanza kuchakaa pembeni ya kitovu chake. Kinachotakiwa ni picha ya tabaka za retina inayoitwa OCT na kipimo cha uwanda wa kuona, kile unachobonyeza kitufe kila ukiona kinukta cha mwanga. Mimi mwaka wa tisa, nimepima mwezi uliopita, retina iko salama.

MamaWatatu

Nimelia kidogo. Leo nakunywa. Je nikishikwa na malaria? huku kwetu mbu ni wengi

famasia_wa_zamu

Dada, HCQ isikufanye uache chandarua, huku kwetu usiihesabu kuwa kinga ya malaria. Ukipata homa nenda kapime, na kabla hujaandikiwa chochote sema kwa sauti unakunywa HCQ na una mimba. Mseto tunaoutumia una lumefantrini, na hiyo na HCQ zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo zikikutana. Haina maana malaria isitibiwe, malaria ya mjamzito lazima itibiwe, ina maana anayekutibu ajue ili achague na kukuangalia. Hivyo hivyo kwa azithromaisini na baadhi ya antibayotiki nyingine.

MzeeKahawa

Na ile ya Korona? Watu waliitafuta hii dawa kama maji ya jangwani.

BintiMuheza

Mzee usinikumbushe. Machi 2020 kule Marekani waliruhusu itumike kwa dharura, dunia nzima ikaikimbilia, na sisi tuliokuwa tunaishi kwayo tukaikosa. Mimi nilizunguka maduka ya dawa manne mjini nikaambiwa imeisha. Nilibakiwa na vidonge 11. Nikavinywa siku moja naruka siku moja, na kwa sababu ya hizi dema nilizoeleza sikuanguka mpaka shangazi aliponitumia boksi kutoka Dar kwa basi. Juni mwaka huohuo jaribio kubwa la Uingereza likaonyesha haiwasaidii waliolazwa kwa Korona, na Marekani wakafuta kile kibali. Virusi vile na lupasi ni vitu viwili, dawa inayotuliza king'ora cha uongo haina sababu ya kumfukuza mwizi wa kweli.

Kipepeo86

Habari dada. Nimeufuata uzi kimya kimya tangu jana. Niko wiki ya tano, asubuhi vidole bado vimekakamaa mpaka saa nne, nilikuwa nimeamua kesho naacha. Nimeghairi. Nakunywa vidonge viwili vya 200 kila siku, ndo sawa?

BintiMuheza

Nimefurahi umeghairi. Una kilo ngapi mdogo wangu? Usikisie, kapime.

Kipepeo86

48, nimepima famasi sasa hivi.

BintiMuheza

48 mara 5 ni miligramu 240 kwa siku, wewe uko kwenye 400. Mwanzoni wengine wanaandikiwa kiwango kimoja kwa kila mtu bila mizani, na mimi ilinitokea. Mimi nina kilo 60, kwa hiyo nakunywa leo viwili kesho kimoja, wastani unakuja 300. Usiogope, wiki tano haziwezi kukuharibu macho, na usijipunguzie mwenyewe pia. Rudi kwa aliyekuandikia na huo uzito wako kwenye karatasi, muulize dozi yangu imepigwa kwa kilo ngapi.

famasia_wa_zamu

Naunga mkono. Na aombe kipimo cha figo kama hakijafanyika.

Kipepeo86

Narudi na mrejesho. Nimeenda leo, dokta kanipima mwenyewe, kaangalia faili, kakuta uzito haukuandikwa. Kaniwekea kimoja kila siku, Jumapili viwili. Figo zimetoka safi. Vidole leo vimelegea saa tatu badala ya saa nne, sijui kama ni dawa au ni furaha. Macho napigwa picha Ijumaa.